Demeter, Artemis au Aphaia: umebakiwa na siku moja Athens, uende kwa nani?

Umeshapanda Acropolis, umeiona Parthenon, hekalu la Athena, miguu imeuma, na bado umebakiwa na siku moja Athens kabla ya kuondoka. Wauza safari watakusukuma uende Delphi au rasi ya Sounion. Sina ugomvi na huko, ila Delphi ni kwa Apollo na Sounion ni kwa Poseidon. Aliyetoka kwa Athena na hamu ya kuwajua miungu wa kike wengine wa Wagiriki ana pa kwenda karibu zaidi. Magharibi ya mji iko Eleusis, kwa Demeter na binti yake Persephone. Mashariki, pwani, iko Brauron, kwa Artemis. Na ng'ambo ya bandari ya Piraeus, kisiwani Aegina, kuna hekalu la Aphaia, ambaye huenda hujawahi hata kulisikia jina lake.

Kwenda kote kutatu kwa siku moja haiwezekani, na kuwili ni kujitesa. Lazima uchague.

Kabla ya kuchagua, jua jambo linalowapoteza wengi: umaarufu wa mungu na wingi wa mawe yaliyobaki haviandamani. Demeter wa Eleusis aliendewa na makaizari wa Roma, na leo ukifika kwake hutaona hata nguzo moja nzima ya jumba lake kuu. Aphaia aliabudiwa kisiwani kwake tu, na nyumba yake ndiyo iliyosimama. Ukichagua kwa kutazama picha kwenye simu, utakwenda Aegina. Hutajuta, lakini ujue umeacha nini.

Kwanza mawe

Kwa mawe matupu Aphaia hana mshindani. Hekalu lake liko juu ya kilima chenye misonobari, upande wa mashariki wa kisiwa, na lilijengwa karibu na mwaka 500 KK mahali pa jingine lililokuwa limeungua. Lilizungukwa na nguzo 32, sita mbele na nyuma, kumi na mbili ubavuni ukihesabu na za pembeni. Zaidi ya 20 zimesimama hadi leo, nyingi zikiwa bado zimebeba mihimili yake. Si marumaru, ni mawe ya chokaa ya hapo hapo kisiwani, ambayo zamani yalipigwa lipu laini na kutiwa rangi. Ukichungulia ndani utaona kitu ambacho katika mahekalu mengi kimepotea: nguzo ndogo zilizopandishwa juu ya nguzo nyingine, ghorofa mbili, zilizokuwa zikishikilia paa juu ya sanamu ya mungu. Siku isiyo na ukungu unaona bahari na, mbali, bara la Athens. Kwa mtu anayetaka kusimama mbele ya hekalu la Kigiriki na kuelewa lilivyosimama, bila kuambiwa "hebu fikiria hapa palikuwa na ukuta", ni hapa.

Brauron inamaanisha kufikiria zaidi. Hekalu la Artemis limebaki msingi na mikato ya ngazi kwenye mwamba. Kinachoonekana ni ukumbi mrefu wa nguzo uliopinda pande tatu za ua, wa karne ya 5 KK, ambao sehemu yake ilisimamishwa upya na wataalamu katika miaka ya 1960. Kando yake kuna daraja la mawe la karne hiyo hiyo, moja ya madaraja ya kale zaidi yaliyobaki Ugiriki, na watu hulipita bila kuligeukia kwa sababu halina urefu wala tao la kujionyesha.

Eleusis ni uwanja wa mawe yaliyolala. Nasema hivi mapema ili usinilaumu. Unaingia kwenye ua uliosakafiwa na Warumi, unapita vipande vya lango kubwa lililonakili lango la Acropolis ya Athens, kimoja kikiwa na sura ya kaizari ndani ya duara. Kisha lango la pili, dogo, lenye michoro ya masuke ya ngano. Halafu unatokea kwenye uwanja mkubwa wa mraba, kila upande kama mita 50, ulioshikamana na kilima kiasi kwamba upande mmoja ngazi zake zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Hilo ndilo Telesterion, jumba kuu la Demeter. Kilichobaki ni ngazi hizo za kukalia, sakafu, na vitako vya nguzo 42. Ukigeuka nyuma unaona minara ya viwanda, meli zilizotia nanga kwenye ghuba, na kisiwa cha Salamis. Mji wa leo wa Elefsina ni mji wa karakana za meli na mafuta. Wapo wanaofika, wakatazama dakika kumi, wakarudi kituoni wakinung'unika.

Watu walifuata nini huko

Hapa mizani inageuka kabisa.

Hekalu la kawaida la Kigiriki lilikuwa nyumba ya sanamu. Waumini hawakujaa ndani; dhabihu ilichinjwa nje, madhabahuni, na nyama ikaliwa nje. Aphaia ni hivyo. Telesterion si hivyo. Lilijengwa ili watu waingie, wakae kwenye zile ngazi, maelfu kwa pamoja, waonyeshwe kitu usiku. Ndiyo maana lina msitu wa nguzo. Iktinos, msanifu yule yule wa Parthenon, anatajwa miongoni mwa waliolishughulikia.

Hadithi yenyewe imo katika utenzi wa kale wa Demeter. Persephone anachuma maua, ardhi inafunguka, Hades, mungu wa kuzimu, anamnyakua awe mkewe. Mama anazunguka dunia akiwa na mienge hadi anafika Eleusis kwa sura ya kikongwe na kukaa karibu na kisima. Mabinti wa mfalme wanamhurumia, anapewa kazi ya kulea mtoto wa mfalme. Usiku anamlaza mtoto motoni ili amfanye asife. Mama mzazi anaona, anapiga ukelele, na mungu anajifunua kwa hasira. Kisha anazuia mbegu zisiote, njaa inaingia, hata miungu inakosa sadaka. Zeus anasalimu amri, Persephone anarudishwa, ila ameshakula punje ya komamanga kule chini, hivyo kila mwaka theluthi moja ni ya mumewe. Kisima unakionyeshwa hadi leo, karibu na lango kubwa. Pango la Hades lipo pia, hatua chache mbele. Ni nadra kupata mahali ambapo kila mlango wa hadithi una jiwe lake.

Ibada hizo za Telesterion, zilizoitwa Ibada za Siri, zilifanyika kila mwaka mwanzoni mwa msimu wa vuli. Umati ulitoka Athens kwa miguu kwenye Njia Takatifu, zaidi ya kilomita 20, ukiwa umefunga. Darajani, wakati wa kuvuka mto Kephisos, walisubiriwa na watu waliowatolea maneno ya kashfa, hata waheshimiwa hawakusazwa. Wasomi wa Ulaya wameandika mengi kulieleza jambo hilo. Mtu aliyewahi kuona watani wakivamia msiba anahitaji maelezo machache. Walifungua mfungo kwa kinywaji cha shayiri na nanaa. Aliyeruhusiwa kuingia ni yeyote anayeelewa Kigiriki na ambaye mikono yake haina damu ya mtu: mwanamume, mwanamke, hata mtumwa. Katika jamii iliyowabagua hao wawili wa mwisho karibu kwenye kila jambo la dola, hilo si dogo.

Na ndani walionyeshwa nini? Siri ilitunzwa kuliko siri ya jandoni. Aliyeitoa aliuawa. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari kipenzi wa Athens, alishtakiwa kwamba aliiigiza mezani na marafiki zake wakiwa wamelewa. Akakimbilia kwa adui, Sparta, akahukumiwa kifo bila kuwepo, na mali yake ikapigwa mnada. Mwandishi wa Kikristo Hippolytus, karne nyingi baadaye, alidai kilele chake kilikuwa suke la ngano lililovunwa, linaloonyeshwa kimyakimya. Huenda ni kweli, huenda alitaka kuwadhihaki. Mimi naliamini zaidi kadiri ninavyolifikiria: baada ya kutwa ya njaa na usiku wa giza, moto unawashwa ghafla, na unaonyeshwa chakula.

Ibada hizi ziliendelea karibu miaka elfu moja. Kaizari Hadrian aliingizwa, Kaizari Marcus Aurelius aliingizwa, na huyu wa pili ndiye aliyepajenga upya baada ya uvamizi wa Wakostoboki, kabila la kaskazini, mwaka 170 BK. Kaizari Theodosius alipiga marufuku ibada za zamani mwishoni mwa karne ya 4, na Wagothi wa Mfalme Alaric, wavamizi, wakamalizia mwaka 396.

Brauron ilikuwa na siri za namna nyingine, za watoto. Wasichana wa Athens wa umri kama wa miaka 5 hadi 10 walipelekwa kwa Artemis "kuwa dubu". Walivaa nguo za rangi ya zafarani, walikimbia, walicheza. Hadithi iliyotolewa kama sababu ni kwamba dubu mmoja mpole alikuwa akizoeana na watu. Msichana akamchokoza, dubu akamparua, kaka zake wakamwua, na tauni ikaingia hadi mungu alipotaka mabinti wamlipie kwa kuwa dubu kabla ya kuolewa. Katika mchezo wa Aristophanes wa mwaka 411 KK wanawake wanajivunia jukwaani kwamba waliwahi kuwa dubu Brauron, kama mtu anavyotaja shule aliyosoma.

Msomaji wa Kiswahili atasema mara moja: unyago. Si mbali, ila tofauti yake ni muhimu. Mwali wetu huingia ndani akishavunja ungo. Hawa walikuwa bado wadogo sana, wenye meno ya utotoni. Ilikuwa ni kumtuliza mungu kabla, wala si kumfunda binti kwa ajili ya ndoa ya kesho. Na Artemis alihitaji kutulizwa, kwa sababu ndiye aliyeshika uzazi, na kufa na kupona kwa mzazi. Wanawake waliojifungua salama walimletea nguo zao, nguo halisi za kuvaa, na orodha zake zilichongwa kwenye mawe: kanzu fulani, ya fulani, nyingine zikitajwa kuwa zimechakaa. Euripides, mtunzi wa michezo ya jukwaani, anasema nguo za waliofia uzazini zilikuwa za Iphigenia, binti wa Agamemnon, ambaye inasimuliwa alizikwa hapo hapo Brauron. Nafasi mbili za nguo: ya aliyepona na ya aliyekufa. Sijui mahali pengine Ugiriki panaposema wazi hivyo kuhusu maisha ya mwanamke wa kawaida.

Kwenye ule ukumbi wa nguzo vyumba vya kulia bado vinasomeka. Kila kimoja kilipangwa vitanda 11 kuzunguka kuta, kwa kuwa Wagiriki walikula wamejilaza, na mashimo ya kushikilia miguu ya vitanda yapo sakafuni.

Kwa Aphaia hapa ndipo mahali pembamba. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba alikuwa msichana wa Krete aliyekimbizwa na Mfalme Minos, akajirusha kwenye nyavu za wavuvi, akafanywa mungu na Artemis; wengine husimulia kwamba mwisho alitoweka Aegina. Jina lake linahusishwa na neno la Kigiriki la "asiyeonekana". Ibada yake ilikuwaje, maandishi yametuachia kidogo sana. Hata jina la mwenye nyumba lilisahaulika: hadi mwaka 1901 wasomi walidhani hekalu ni la Zeus au la Athena, ndipo Adolf Furtwängler na wenzake walipochimba na kukuta maandishi yanayomtaja Aphaia. Asiyeonekana kweli.

Sanamu zenyewe ziko wapi

Swali hili watu hulisahau wakishanunua tiketi.

Za Aphaia ziko Ujerumani. Mwaka 1811 kikundi cha vijana, Waingereza na Wajerumani, akiwemo msanifu Cockerell, kilichimba na kutoa sanamu za mashujaa zilizokuwa zimejaa kwenye pembetatu mbili za paa, mbele na nyuma, zote zikionyesha vita vya Troya, Athena akiwa katikati. Ziliuzwa mnadani kisiwani Zante, wakati sanamu zenyewe zimehamishiwa Malta kwa usalama; mjumbe wa Waingereza akaenda Malta kuusubiri mnada, na Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria, akazinyakua. Leo ziko Glyptothek, München. Inauma, kwa sababu ndizo zenye somo bora: shujaa wa upande wa magharibi anajichomoa mshale kifuani huku anatabasamu, kwa mtindo wa zamani; wa upande wa mashariki, aliyechongwa miaka michache tu baadaye, anaangukia ngao yake na uso umeelemea chini kama mtu anayekufa kweli. Kilimani kwenyewe kuna jengo dogo la makumbusho lenye vipande vya hekalu la awali. Usilijengee matumaini makubwa.

Eleusis mambo ni nusu kwa nusu. Lango dogo, lililoanzishwa na Mrumi Appius Claudius Pulcher, lilikuwa na sanamu mbili kubwa za wanawake waliobeba kichwani chombo cha vitu vitakatifu. Mmoja yuko kwenye makumbusho ya hapo. Mwenzake yuko Cambridge, Uingereza. Edward Daniel Clarke, aliyemchukua mwaka 1801, ameandika mwenyewe kwamba wanakijiji walikuwa wakirundika samadi kumzunguka wakiamini ndiye anayewapa mavuno, na wakaonya kwamba meli itakayombeba itazama. Ilizama kweli, karibu na pwani ya Uingereza, ila sanamu iliokolewa. Pia makumbusho ya Eleusis yana mtungi mkubwa wa karne ya 7 KK wenye picha ya Odysseus na wenzake wakimtoboa jicho jitu Polyphemus. Uliwahi kutumika kumzikia mtoto. Kile kibao maarufu cha marumaru cha Demeter, Persephone na kijana aliyesimama katikati yao kiko Athens, Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Ukienda Eleusis, kione kwanza.

Brauron ina vitu vyake, na hilo linaifanya ishinde hapa bila ubishi. Chemchemi takatifu chini ya hekalu ilitupiwa sadaka kwa karne nyingi, na tope likahifadhi vioo vya shaba, pete, hata vitu vya mbao ambavyo kwingine vingekuwa vimeoza. Mto Erasinos ndio ulioipasua Brauron kwa mafuriko hadi ikaachwa karne ya 3 KK, na mto huo huo, kwa kuifukia, ukaitunza hadi Ioannis Papadimitriou alipoanza kuchimba mwaka 1948. Makumbusho iko jirani na magofu. Humo mna sanamu za watoto, wasichana kwa wavulana, mashavu yamejaa, mmoja kamshika njiwa, mwingine sungura. Hawakuchongwa kama watu wazima waliofupishwa. Ni watoto kabisa, na baadhi wanatabasamu kana kwamba mchongaji alikuwa mjomba wao.

Siku yenyewe itakavyokwenda

Eleusis ndiyo nyepesi: basi la kawaida la mji linakufikisha, na nusu siku inatosha. Kivuli ni kidogo, hivyo nenda asubuhi. Aegina inakula siku nzima: feri ya kawaida kutoka Piraeus ni zaidi kidogo ya saa moja, boti ya kasi kama dakika 40, kisha basi la kwenda Agia Marina linalopita hekaluni. Lakini ni siku ya bahari, na ukishuka kilimani kuna ufuo wa kuoga, na pistashio za kisiwa kile zina sifa yake. Brauron bila gari ni taabu. Mabasi ya kukufikisha karibu yapo ila yanataka subira. Ukiwa na gari la kukodi imekaa vizuri kwa mwenye ndege ya jioni, kwa kuwa haiko mbali na uwanja wa ndege. Kote, hakikisha saa na siku za kufungua kabla ya kuondoka hotelini. Hubadilika kati ya kiangazi na majira ya baridi.

Uamuzi wangu

Ukiwa na watoto wanaochoka, au mwenzi asiyejali historia, nenda Aegina; hekalu linajieleza lenyewe na bahari itamaliza ugomvi. Ukiwa mpiga picha, vivyo hivyo.

Ukiwa na gari, na hasa ukiwa mama, au mtu aliyelelewa na bibi aliyejua mambo ya wari na uzazi, nenda Brauron. Kwangu mimi ndiyo bora kati ya hizo tatu, nikiulizwa bila kuzungushwa.

Ila kwa msomaji asiye na gari na mwenye siku moja tu, namwambia Eleusis, kwa sharti kwamba asome ule utenzi wa Demeter usiku uliotangulia. Asiyeusoma asiende, atanilaumu. Na kama ratiba yako inaangukia Novemba, usifikirie mara mbili. Juu ya kilima, moja kwa moja juu ya Telesterion, kuna kanisa dogo la Bikira Maria anayeitwa Mesosporitissa, wa katikati ya msimu wa kupanda. Jioni ya kuamkia tarehe 21 wakazi wa Elefsina hupanda na mikate na masufuria ya nafaka zilizochemshwa pamoja, ngano, maharagwe, dengu, na komamanga juu yake, kasisi akavibariki, kisha wakagawiana. Sisi tungesema ni pure. Pokea bakuli ukipewa.